Saruji kuwahi siku ya tatu na kubaki nyuma siku ya 28: angalia alkali

Mkuu unayesema matofali yako ya Igoma siku ya tatu yanalia kama chuma, lakini siku ya 28 yanazidiwa na yale ya mzigo wa zamani: usikimbilie kusema saruji imechakachuliwa. Yalinikuta Nyegezi kwenye zege la slabu. Kokoto zile zile, mchanga ule ule, maji hatukuzidisha. Kilichobadilika ni mzigo wa saruji tu. Michemraba ya zege ya kupima nguvu, ya siku ya tatu, ilipanda mpaka tajiri akataka tutoe mirunda mapema. Ya siku ya 28 ikawa chini ya ile ya mzigo wa kwanza. Nikamlaumu kijana wa kumwagilia maji. Nilimwonea, na baadaye nilimwomba radhi.

Jibu lilikuwa kwenye cheti cha kiwanda: mzigo mpya ulikuwa na alkali nyingi zaidi, yaani sodiamu na potasiamu. Zinaingia na udongo wa malighafi, zinageuka mvuke kwenye tanuri, kisha nyingine zinagandia kwenye klinka (madonge ya tanuri yanayosagwa kuwa saruji) zikiwa chumvi za salfeti. Hizo zinayeyuka dakika chache tu baada ya kutia maji. Maji ya chokaa peke yake yana pH (kipimo cha asidi na alkali) 12.5 hivi, alkali zikiingia, yanavuka 13. Saruji inashika mbio, kama maharage yaliyotiwa magadi. Tatizo ni kwamba gundi inayoshikanisha zege inajijenga haraka na kujibana karibu na chembe za saruji, badala ya kusambaa vizuri. Kiini cha chembe kilichobaki ndani kinafikiwa na maji kwa shida, na nguvu ya mwishoni inapungua.

Ukipata cheti, chukua asilimia ya Na2O (oksidi ya sodiamu) ujumlishe na ile ya K2O (oksidi ya potasiamu) mara 0.658. Isiyozidi asilimia 0.60 huitwa saruji ya alkali kidogo. Ila hapo umehesabu alkali zote, na zile zilizofungwa ndani ya fuwele za klinka hutoka polepole. Ndiyo maana siku hizi mzigo mpya ukishuka napiga michemraba ya siku 3, 7 na 28 sambamba na ya mzigo uliobaki, vipimo vile vile, pipa moja la maji. Mirunda siitoi kwa jibu la siku ya tatu, hata tajiri akinuna.

Halafu yatazame matofali yakikauka. Yakitoa unga mweupe, umwagie maji kidogo: ukiyeyuka, yaelekea ni chumvi za alkali, ukigoma, ni chokaa. Tuletee majibu hapa, pamoja na cheti ukikipata.