Kwa nini Luther hakuchomwa moto

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza: ikiwa Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyetaka kulirekebisha kanisa, alichomwa moto mwaka 1415, Martin Luther alisalimikaje hadi akafa kifo cha kawaida mwaka 1546?

Kipaimara tulifundishwa kwamba ni mkono wa Mungu. Sibishi. Ila mkono huo ulipitia kwa wakuu wa Ujerumani, na Kaisari Karl V alikuwa akiwahitaji.

Mwaka 1521, kwenye mkutano wa wakuu mjini Worms, alimtangaza Luther kuwa mtu asiyelindwa na sheria, lakini Friedrich, mkuu wa Saksonia, akamficha kwenye ngome ya Wartburg. Kaisari angefanya nini? Alikuwa akipigana na Ufaransa, na mwaka 1529 majeshi ya Sultani Suleiman yakauzingira mji wa Vienna. Askari na fedha ilibidi awaombe wakuu walewale. Ndiyo maana kila alipobana, baada ya muda alilegeza.

Angalia mkutano wa Kaisari na wakuu mjini Augsburg, tarehe 25 Juni 1530. Luther hayupo, amebaki Coburg, maana marufuku ya Worms bado inamwandama. Ungamo, yaani tamko la imani ya Walutheri, ameliandika Melanchthon, mwenzake Luther, na anayesimama kulisoma mbele ya Kaisari ni Christian Beyer, chansela wa Saksonia. Analisoma kwa Kijerumani, kwa sauti inayosikika hadi nje uani. Sasa tazama sahihi: ni za wakuu na za miji miwili, Nürnberg na Reutlingen. Hakuna ya mchungaji hata mmoja! Mwaka uliofuata wakaunda umoja wao wa kijeshi, Schmalkalden.

Wala tusijipake mafuta sisi Walutheri: mali za nyumba za watawa nazo zilivutia. Gustav Vasa wa Uswidi, aliyeelemewa na madeni, alizichukua kuanzia 1527.

Karl aliushinda umoja ule Mühlberg mwaka 1547. Miaka mitano baadaye Moritz wa Saksonia, aliyekuwa amepigana upande wake, akamgeuka kwa msaada wa fedha za mfalme wa Ufaransa, Mkatoliki kabisa! Hapo ndipo njia ya mapatano ya Augsburg ya 1555 ilipofunguka: mkuu anachagua Ukatoliki au Ulutheri, na raia asiyeridhika anaruhusiwa kuuza mali yake na kuhama. Wafuasi wa Calvin, mwanamatengenezo mwingine wa kanisa, hawakupewa nafasi yoyote.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako