Picha za jiklee na kuta zetu za chokaa

Kijana akija kuanza kazi kwenye duka letu la picha, kitu cha kwanza ninachomwondolea mkononi ni kitambaa kibichi. Wengi wametokea kwenye maduka ya Tingatinga, na huko kitambaa si kosa. Tangu Edward Saidi Tingatinga aanze mtindo wake Dar es Salaam mwaka 1968, picha zile huchorwa kwa rangi ya mafuta yenye kung'aa. Ikishakauka, vumbi la mtaani unalipangusa kwa maji na picha inabaki vilevile. Jiklee, yaani chapa ya picha inayotolewa kwenye karatasi kwa printa ya kurusha wino, haistahimili hilo. Nimelijua kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza niliona kidoa cha kinyesi cha mjusi juu ya picha ya jahazi ambayo bado haijaingia kwenye fremu, nikalowesha ncha ya kitambaa nikasugua taratibu. Kitambaa kikatoka cheusi. Juu ya tanga pakabaki baka jeupe, laini kama sufi, na pembeni yake alama ya maji yaliyokauka. Picha ilikuwa na mwenyewe. Ikabidi ipigwe chapa upya, na gharama nikazibeba mimi.

Basi, mdogo wangu, kabla ya kujua bei, jua kwanza kitu chenyewe. Giclée ni neno la Kifaransa, sisi tunalitamka jiklee, na asili yake ni kitenzi chenye maana ya kuruka kwa maji kama yanayotoka kwenye tundu dogo. Aliyelichagua mwaka 1991 ni Jack Duganne, mpiga chapa wa California, akiwa Nash Editions, karakana ya kupiga chapa, na mashine za Iris, yaani printa za kurusha wino. Mashine hizo zilitengenezwa kwa ajili ya chapa za majaribio, na wino wake wa siku zile ulipendeza macho lakini ulipauka mapema. Wino wa kazi nzuri ya leo ni mwingine kabisa, na hapo ndipo pa kukazia akili. Tia sukari kwenye chai, koroga: imeyeyuka, huioni tena. Koroga chokaa kwenye ndoo: maji yamekuwa meupe, lakini yaache yatulie, chembe zitatuama chini. Wino rahisi ni kama ile sukari, rangi yake imeyeyuka. Wino wa jiklee ya kweli ni chembe ndogo mno za rangi zinazoelea, na chembe huvumilia mwanga muda mrefu zaidi kuliko rangi iliyoyeyuka. Ukitaka ushahidi, tazama mabango ya mitindo ya nywele kwenye milango ya vinyozi. Nyuso zimegeuka buluu, kwa sababu wekundu na manjano vimeliwa na jua.

Karatasi nayo ina asili yake. Nzuri ni ya pamba, nzito, gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, isiyo na asidi. Karatasi ya mti iliyo duni ina vitu vinavyoigeuza manjano. Gazeti lililosahauliwa barazani kwa siku chache linakuonesha.

Weka lenzi ya kukuzia dukani. Bango la kiwandani likitazamwa kwa karibu lina nukta zilizojipanga kama maua madogo. Jiklee haina mpangilio huo, utaona kama vumbi la rangi lililotua. Lakini lenzi haikwambii kama wino ni wa chembe au wa kuyeyuka, na mtu yeyote mwenye printa anaweza kuandika jiklee kwenye lebo. Muulize mpiga chapa: wino gani, karatasi gani, nakala ngapi. Ukiona 12/50 kwa penseli chini ya picha, hiyo ni nakala ya 12 kati ya 50. Na mteja usimwambie imechorwa kwa mkono. Ni chapa ya picha iliyochorwa, au ya picha iliyopigwa kwa kamera, na ina heshima yake ya kutosha bila kuongezewa uongo.

Sasa ukuta, ambao mafunzo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi hayautaji. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Ukuta wa namna hii hunywa maji, kutoka ardhini na kutoka kwenye paa linalovuja, na maji hubeba chumvi. Ukikauka kwa nje, chumvi inabaki juu kama unga mweupe. Ukipigwa lipu ya saruji, maji yanakosa pa kutokea na kutafuta mahali pengine. Wewe ukija ukaegemeza fremu bapa juu ya ukuta huo, umeufunika kama chungu.

Nilipata kufungua fremu iliyokaa hivyo masika mazima kwenye chumba cha chini. Harufu ilikuwa ya nguo zilizokunjwa mbichi. Ubao wa nyuma ulikuwa na madoa meusi ya ukungu. Karatasi ilikuwa imevimba, ikajikunja mawimbi, na kwa kuwa haikuwekewa nafasi, mawimbi yakagusa kioo na kunata. Tulipoinyanyua, kipande cha anga ya picha kilibaki kwenye kioo. Kazi nzuri, wino mzuri, karatasi ya pamba, na yote hayo hayakuisaidia.

Kwa hiyo mteja wa hapa mjini muulize picha itakaa ukuta gani. Ukipata nafasi nenda ukapapase mwenyewe. Ukiona rangi inabanduka au mkono umetoka na unga, mwambie achague ukuta wa ndani, mbali na bomba na choo, na pasipofikiwa na jua la dirishani. Nyuma ya fremu, pembe zote nne, gundisha vipande vya mpira ili hewa ipite. Ndani, kioo kisiguse picha: kadibodi isiyo na asidi iliyokatwa dirisha katikati huweka nafasi hiyo. Picha yenyewe usiigundishe yote. Itundike juu kwa bawaba mbili za karatasi nyembamba na gundi ya wanga, ili ikivimba na kusinyaa ipate pa kwenda. Selotepu isikaribie kabisa. Gundi yake hugeuka kahawia na kuzama kwenye pamba.

Usiwe na haraka ya kufunga fremu. Chapa mpya iache saa 24 chini ya karatasi safi, kwani wino bado unatoa mvuke, na ukiufungia utaona utando wa mvuke kwenye kioo wenye umbo la picha.

Kiyoyozi nacho kina mtego wake. Karatasi hupenda unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Hewa yetu mara nyingi hupita 75, na ukungu hauhitaji kiasi hicho kuota. Chumba chenye kiyoyozi ni kizuri, lakini ukitoa picha baridi moja kwa moja kwenye fukuto la nje, maji huigandama kama yanavyoigandama chupa ya soda. Ifunge kwanza kwenye plastiki, iache ipate joto la nje saa chache, ndipo uifungue.

Mikono: nawa kwa sabuni, kausha, shika pembezoni kwa mikono miwili. Mafuta ya halua hayatoki kwenye karatasi ya pamba, na manjano ya urojo hayatoki kabisa. Kioo kikichafuka, dawa inyunyizie kwenye kitambaa, kamwe si juu ya kioo, maana hutiririka hadi chini ya fremu na kunyonywa na karatasi.

Mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma, sisi hushusha picha zote kabla ya masika kuingia Machi. Tunapapasa ukuta, tunanusa mgongo wa kila fremu, tunapangusa vumbi kwa brashi kavu. Yenye dalili ya ukungu tunaitenga chumba kingine, tunaifungua karibu na feni isiyoielekea, na hatuifuti mpaka ikauke kabisa, kwa sababu ukungu mbichi ukiuburura unaingia ndani ya karatasi. Ukikauka, brashi laini, nje uani, pua imefunikwa. Mpira wa pembeni uliolainika unabadilishwa siku hiyohiyo.