Muulize Mwalimu: Kwa nini tarumbeta zetu hutetemeka ibada ya kwanza?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Napiga tarumbeta kanisani huku Marangu. Kwenye ibada ya kwanza, mimi na mwenzangu tukishika noti moja ndefu, inasikika "wau-wau-wau", kama mtu anafungua na kufunga mlango. Kila mmoja akipiga peke yake sauti imenyooka. Kaka mmoja wa bendi anasema tuziache, zikizoeana zitashikana zenyewe kama saa za ukutani. Ni kweli?
Mpiga tarumbeta, Marangu

JIBU: Marahaba mwanangu. Nilipuliza baritoni kwenye bendi ya usharika wetu hapa Moshi kwa miaka 19, na hiyo wau-wau naifahamu hadi kwenye meno.

Usiitafute ndani ya tarumbeta yako, wala ya mwenzako. Inazaliwa sauti zenu zinapokutana. Tuseme wewe unatetemesha hewa mara 440 kwa sekunde, mwenzako mara 436. Kuna wakati mawimbi yenu yanasukuma sikio kwa pamoja, sauti inanenepa. Punde tu moja linasukuma huku jingine linavuta, sauti inafifia. Mzunguko huo unajirudia mara 4 kila sekunde, kwa kuwa 440 ukitoa 436 inabaki 4. Hesabu yote ni kutoa tu. Wanafunzi wangu walikuwa hawaniamini mpaka nilete magitaa mawili darasani.

Kwa nini asubuhi? Baridi ya huko mlimani. Wengi hudhani shaba ikipata joto hurefuka na sauti hushuka. Kurefuka inarefuka, ila kidogo mno. Kinachotawala ni hewa iliyo ndani ya bomba: kila nyuzijoto moja inayoongezeka, sauti inaongeza mwendo kwa karibu mita 0.6 kwa sekunde, juu ya mita 340 hivi. Hewa ya ndani ya tarumbeta mbili ikizidiana nyuzi 5 tu, noti ya 440 inahama kwa karibu mitetemo 4. Basi aliyefika mapema akapuliza nje ya kanisa yuko juu, na aliyetoa tarumbeta kwenye boksi kengele ikilia yuko chini.

Huyo kaka amesikia jambo la kweli, ila amelipeleka pasipo pake. Mwaka 1665 Mholanzi Christiaan Huygens, akiwa mgonjwa kitandani, aliona saa zake mbili za pendulamu, zilizotundikwa kwenye boriti moja, zikibembea bila kupishana hata kidogo: ya huku ikienda kushoto, ya kule inakwenda kulia. Akizivuruga, baada ya kama nusu saa zinarudi vilevile. Nampenda sana mtu huyu, maana hakuishia kushangaa. Alitafuta mpaka akaona ni boriti inayopeleka mtikisiko mdogo kutoka saa moja hadi nyingine. Kwa hiyo yanahitajika mambo mawili: kiungo chenye nguvu ya kutosha, na kasi zinazokaribiana sana.

Pasipo kiungo, vitu hukutana na kuachana tu. Simama karibu na Mnara wa Saa hapa mjini, utazame indiketa za daladala mbili zilizopanga foleni. Moja ikiwaka mara 80 kwa dakika na nyingine mara 85, kila baada ya sekunde 12 zitawaka pamoja. Mtoto atasema zimepatana. Hazijapatana, subiri kidogo utaziona zikipishana tena.

Tarumbeta zenu ziko hivyo. Hewa iliyo kati yenu ni kiungo dhaifu mno, na noti imeshikwa na midomo ya kila mmoja. Siku mnayoona zimeshikana zenyewe, ujue ni sikio lako lililosikia na midomo ikarekebisha kabla hujafikiri.

Basi fanyeni hivi. Fikeni wote mapema, mpulize pumzi ya moto ndani ya bomba kimyakimya dakika chache. Kisha shikeni noti moja. Wau-wau haikuambii nani yuko juu, kwa hiyo mmoja asiguse kitu, mwingine avute polepole lile bomba la kurekebishia. Mapigo yakipungua kasi, aendelee mpaka yanyooke. Yakiongezeka, alirudishe ndani, maana aliyestahili kuvuta ni mwenzake.