Swali la Lugha: Ufa, Mpasuko au Hitilafu?

Msomaji anayeandaa makala kuhusu Europa, mwezi wa Mshtarii uliofunikwa na barafu, anauliza kama ni sahihi kuandika kwamba wataalamu "wanachunguza hitilafu za uso wa mwezi huo", au kama atumie "ufa" au "mpasuko".

Hitilafu tuiachie mitambo na mahesabu, kwani anayesoma "hitilafu za barafu" atadhani kuna kitu kilichoharibika kinachomngoja fundi. Mpasuko ni tendo la kupasuka. Alama inayobaki baada ya tendo hilo ni ufa, wingi wake nyufa, na ndilo neno ambalo jiografia imelizoea katika "bonde la ufa".

Hata hivyo, ufa peke yake hausemi kama pande zake zimehama. Katika methali ya usipoziba ufa, kwa mfano, ufa ni mwanya tu. Kwa mwanajiolojia tofauti hiyo ni kubwa. Picha za chombo cha Galileo, kilichomzunguka Mshtarii kuanzia 1995 hadi 2003, zinaonyesha karibu na ncha ya kusini ya Europa ufa uitwao Astypalaea Linea, wenye urefu wa kilomita 800 hivi, ambapo matuta ya zamani yamekatwa na vipande vyake vya upande huu havikabiliani tena na vya upande wa pili, bali vimeachana kwa takribani kilomita 40. Huo uitwe "ufa ambao pande zake zimeteleza", ijapokuwa ni maneno mengi. Pale ambapo picha haithibitishi hata kupasuka, "mistari" inatosha.

Kitenzi nacho kichaguliwe kwa uangalifu. "Barafu imepasuka" haitaji kisababishi. "Barafu imepasuliwa na mvutano wa Mshtarii" inakitaja, na ina msingi, kwa sababu Europa humzunguka Mshtarii kwa siku tatu na nusu hivi katika njia isiyo duara kamili, hivyo mvutano huongezeka na kupungua, na barafu hupindwa tena na tena.

Mwisho, "nyufa zimekatana" ni sarufi safi, lakini inaficha jambo ambalo mtafiti hulitafuta kwanza, yaani upi ulitangulia. Ukiandika "ufa huu umeukata ule", msomaji anajua papo hapo kwamba uliokatwa ndio mkongwe.