Kuvika Upya Viti vya Gari la Zamani: Leza ni Jambo la Mwisho

Kila anayechungulia ndani ya Volkswagen Beetle yangu hapa Mbeya huuliza leza, ile ngozi bandia ya kuvikia viti, nimenunua wapi. Hakuna anayeuliza chini ya leza kuna nini, na huko ndiko pesa na jasho vilikoishia. Kama una gari la zamani uani na unataka kulivika viti mwenyewe, anzia chini.

Kabla ya bisibisi, betri. Beetle ina betri chini ya siti ya nyuma. Springi zikilegea, au akikaa mtu mwenye mwili wake, chuma hugusa vichwa vya betri, cheche zinaruka na tandiko kavu linashika moto. Wenye magari haya wanaijua hatari hiyo. Chomoa waya wa hasi kwanza, na siku ya kurudisha siti hakikisha betri ina kifuniko. Kifuniko kikiwa kimepotea, tandika kipande kinene cha mpira, kikae imara kisiteleze.

Sasa vua siti uzipeleke kibarazani. Ndani utakuta springi, halafu tandiko la nyuzi zilizoshikanishwa kwa mpira, halafu kava. Aliyelalia magodoro ya usumba shule ya bweni atazitambua nyuzi hizo mara moja. Zikianza kumwaga vumbi la kahawia sakafuni, tandiko limekwisha, hata kama kava lingali zima.

Kava kuukuu usilitupe wala usilipasue kwa hasira. Hilo ndilo ramani yako. Piga picha kila upande, kisha andika kwa chaki kila kipande: kulia, kushoto, mbele, juu. Weka alama zinazovuka mshono kabla ya kuufumua, ili baadaye ujue kipi kilikutana na kipi na wapi. Fumua kwa wembe, taratibu. Vichoree vipande kwenye karatasi za mifuko ya saruji, maana hazichaniki ovyo. Ila kumbuka kava lililokaliwa miaka hamsini limevutika; ukilifuata lilivyo bila kupunguza, kava jipya litakaa limelegea na kufanya mikunjo. Pima na siti yenyewe, usiiamini karatasi peke yake.

Springi zisugue kwa brashi ya waya na msasa, kisha zipake redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu. Iliyokatika usiipeleke kuchomelea. Moto unaua ugumu wa chuma cha springi, na pale pale palipochomewa ndipo patakapokatika tena au kunywea. Tafuta springi ya kochi lililochakaa inayolingana nayo, uifunge kwa waya.

Juu ya springi lazima pawe na kitu cha kuzuia zisiitafune sponji itakayochukua nafasi ya lile tandiko. Watu wengi huweka kiroba cha plastiki kwa sababu kipo nyumbani. Kinalia kila gari likipita shimo, na haikawii kinachanika nyuzi nyuzi. Tumia gunia la katani. Huku kwetu si kitu cha kutafuta sana, magunia ya kahawa ya Mbozi yapo. Lifue, likauke kabisa juani, ulivute na kulifunga kwenye fremu kwa waya, ncha za waya zikitazama chini.

Sponji chagua kwa dole gumba. Bonyeza mpaka chini, achia, utazame inavyorudi. Inayorudi kwa uvivu ni ya mto wa kulalia. Usiongeze unene ukidhani unaongeza raha, utajikuta kichwa kinagusa dari na usukani unabana mapaja.

Leza ndiyo hiyo sasa. Pale soko la Mwanjelwa utaonyeshwa rangi nyingi, lakini wewe geuza uangalie mgongo wake. Inayofaa ina kitambaa kilichofumwa nyuma na inavutika kidogo. Ikunje kwa nguvu. Ikibaki na mstari mweupe, iache. Nyingi zina upana wa inchi 54, kwa hiyo nenda na karatasi zako uzipange hapo hapo kabla hawajakata, na chukua ziada kutoka robota hilo hilo, kwa kuwa rangi hutofautiana kidogo kati ya robota na robota.

Cherehani ya kawaida ya miguu inatosha, hata Butterfly ya mama. Weka sindano namba 18, uzi wa nailoni au poliesta (wa pamba huoza), na mshono mrefu wa kama milimita 4. Mshono mfupi hutoboa leza ikawa kama stempu, ikivutwa inachanika mstari mzima. Leza ikigoma kuteleza chini ya mguu wa cherehani, ipake poda kidogo. Penye mikunjo minene zungusha gurudumu kwa mkono.

Baridi yetu nayo ina mambo yake. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi, leza inakuwa ngumu na haivutiki. Ianike mpaka saa sita au saa saba mchana ipate joto, ndipo uivute kwenye fremu. Gundi pia huchelewa: paka pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa haishiki kidole, ndipo ubandike. Na tafadhali, usipake gundi ndani ya chumba chenye jiko la mkaa. Mvuke wake unawaka, na hewa ya sumu ya mkaa nayo inaua.

Kama hujawahi kushona leza, anza na mbao za milangoni, ni bapa na hazina kona nyingi. Haidibodi iliyovimba kwa maji badilisha. Maji ya mvua huingia mlangoni na kutokea kwenye matundu ya chini, hivyo zibua matundu hayo, na rudisha karatasi ya nailoni nyuma ya haidibodi, la sivyo masika yakija utairudia kazi.

Dari nilimwachia fundi. Kingo za kitambaa chake zimebanwa chini ya raba za vioo, kwa hiyo vioo hivyo lazima vitoke, na kioo cha mbele cha gari hili kikipasuka huku nyanda za juu, kukipata kingine ni shughuli.