Macho yanawasha baada ya kabati jipya: kabla hujalitoa nje, soma hapa

Mkuu, nimekuelewa. Chumba kimepakwa rangi, kabati la MDF (mbao za unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi) limeingia, ukiamka macho yanawasha, na kamita ka kupimia hewa ulikonunua mtandaoni kanasoma nyekundu kutwa nzima. Unauliza utoe kabati au ukwangue rangi. Kazi yangu ni kupima hewa ya ndani ya majengo, kwa hiyo vumilia urefu.

Hako kamita kaweke pembeni kwanza. Vingi vya aina hiyo vinanusa mvuke wowote kisha vinauita formaldehaidi, ile gesi inayowasha macho. Jipake kitakasa mikono karibu nako uone namba zinavyoruka. Kanafaa kukuonyesha hali inapanda au inashuka, basi.

Rangi ya maji hutoa mvuke mwingi siku za mwanzo, kisha hushuka upesi. Kama ina zaidi ya mwezi, mimi siishuku sana. Kabati ndilo lenye kesi. MDF, chipubodi na plaiwudi nyingi za ndani zimeshikwa kwa gundi ya urea-formaldehaidi, na gundi hiyo huachia gesi taratibu kwa miezi, hata miaka, hasa kukiwa na joto na unyevu. Gesi yenyewe si ya kuchezea: shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu tangu 2004.

Sasa chukua tochi uingize kichwa ndani ya kabati. Usiangalie milango, hiyo ina fomika. Angalia ubao wa nyuma, chini ya rafu, matundu ya bawaba, na kingo zilizokatwa na msumeno zikaachwa bila mkanda. Pale unapoona unga wa mbao uko wazi ndipo gesi inapotokea kwa wingi. Mafundi huziba panapoonekana tu, na mteja haangalii nyuma.

Halafu piga hesabu. Zidisha eneo la mbao kwa kiasi inachotoa kila mita ya mraba kwa saa, kisha gawanya kwa ujazo wa chumba uliozidishwa na mara ambazo hewa hubadilika kwa saa. Tuseme mbao mita 20 za mraba, zinatoa miligramu 0.05, chumba cha mita za ujazo 30, hewa inabadilika mara 0.5. Unapata takriban miligramu 0.07 kwa mita ya ujazo ya hewa. Mwongozo wa WHO ni miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo, wastani wa dakika 30. Funga madirisha hadi hewa ibadilike mara 0.2 tu: inafika 0.17. Kabati lile lile, chumba kile kile! Hesabu hii ni ya makadirio, maana gesi ikijaa hewani ubao nao hupunguza kutoa, lakini sasa unajua kwa nini asubuhi ndiyo mbaya.

Ukitaka jibu la kutegemea, tafuta maabara yenye vichujio vya DNPH, yaani vyenye kemikali inayonasa formaldehaidi ili ipimwe. Pitisha hewa chumbani kama robo saa, kisha funga milango na madirisha kwa muda wa saa nane, usiku ndio rahisi. Hewa ivutwe katikati ya chumba, kimo cha pua ya mtu aliyekaa. Usipige deki kwa dawa yenye harufu wala kufukiza udi siku hiyo. Waandike pia joto na unyevu, la sivyo huwezi kulinganisha na kipimo cha baadaye.

Kuna watakaokuambia uchemshe chumba kwa hita ili gesi iishe. Sipendi njia hiyo. Mapazia na godoro hunyonya sehemu ya mvuke na kuurudisha baadaye. Vyungu vya maua navyo ni pambo tu, dirisha moja linavishinda.

Mimi ningeanza kwa kuziba kingo na mgongo wa kabati kwa mkanda au vanishi ya maji, madirisha yakiwa wazi, kisha nipime. Ikibaki juu ya 0.1, kabati litoke. Rangi iache ukutani.