Maswali ya wasomaji: Kobe wa ndani anapougua

SWALI: Assalamu alaykum. Tunaishi ghorofani Michenzani na tunafuga kobe jike wa madoa. Analala sebuleni kwenye vigae, na usiku tunawasha eyakondishani. Sasa anatoa mapovu puani, akivuta pumzi anapiga mluzi na kunyoosha shingo, na tangu Jumatatu ya wiki iliyopita hajala. Chakula chake ni boflo, kabichi na matango. Mwezi uliopita alikuwa na kilo 3.2, leo mizani inasema 2.8. Jirani yetu mfuga mbuzi anasema tumchome ile sindano ya minyoo. Je, tumchome?
Msomaji, Mjini Unguja

JIBU: Waalaykumu ssalamu. Msimchome. Sindano ya minyoo inayotumika sana kwa mbuzi na ng'ombe ina ivamektini, na dawa hiyo ni sumu kwa kobe wa aina zote. Hulegeza misuli mpaka mnyama akashindwa kuvuta pumzi, na akishachomwa hakuna ya kuiondoa mwilini. Someni chupa ya dawa yoyote kabla haijamgusa, hata akiileta mtu mnayemwamini.

Dalili mlizozitaja ni za maradhi ya njia ya hewa, na yanaelekea mapafuni kama hayajafika. Kobe hana kiwambo kama chetu cha kusukuma hewa, hivyo hawezi kukohoa sawasawa. Kamasi ikishuka kwenye mapafu hubaki hukohuko na kuoza. Juu ya hayo, joto la mwili wake ni lile la mahali alipo. Vigae humnyonya joto tumboni usiku kucha, na chumba cha nyuzi 20 humzimia kinga. Vijidudu ambavyo angevishinda juani humshinda yeye.

Gramu 400 alizopoteza ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kwa hiyo apelekwe kwa dakta wa mifugo leo au kesho, si wiki ijayo. Mwambieni dakta uzito wa sasa kwa gramu, maana dozi hupigwa kwa uzito, na kadirio la mbuzi au kuku halimfai. Kama akipewa dawa ya bakteria, madaktari wengi huichoma mguu wa mbele, kwa kuwa damu ya nusu ya nyuma ya kobe inaweza kupita kwanza kwenye figo. Maliza siku zote zilizoandikwa hata kama mapovu yameisha mapema.

Wakati mnasubiri, na hata baada ya dakta, kazi kubwa ni ya nyumbani: joto, kisha maji, kisha chakula. Mpangilio huo msiugeuze. Kobe aliyepoa na kukauka akilazimishwa kula, utumbo hausagi, chakula huchachia ndani na hali huzidi.

Tafuteni sanduku la mbao la mita moja kwa sentimita 60. Upande mmoja tundikeni glopu ya zamani ya waya, ya wati 60, kwa mnyororo au waya imara, sentimita 35 hivi juu ya gamba. Msiining'inize kwa waya wake wa umeme. Glopu za LED na zile za kubania umeme hazifai hapa, kwani hutoa mwanga bila joto. Kipimajoto kilale chini, usawa wa gamba: chini ya glopu nyuzi 32, upande wa pili 27 au 28, ili achague mwenyewe. Usiku kusiwe chini ya 25, na kuwe giza. Zimeni glopu, mumwekee chupa ya maji moto iliyozungushiwa kanga nzito, na muibadilishe ikipoa. Umeme ukikatika mchana, chupa hiyohiyo itamsitiri. Sakafu ya sanduku iwe magazeti au taulo. Udongo ni mzuri kwa kobe mzima, lakini kwa mgonjwa mnataka kuona kila anachotoa.

Kila asubuhi mloweke katika beseni la maji ya uvuguvugu, nyuzi 28 hadi 32, kina kisipite pale gamba la juu linapokutana na la chini, na kidevu kiwe juu ya maji. Dakika 20, huku mmoja wenu amekaa naye, maana kobe dhaifu huzama hata kwenye maji machache. Mara nyingi atakunywa na kukojoa humohumo. Ile rojo nyeupe inayotoka na mkojo ni ya kawaida ikiwa laini. Ikiwa na chengachenga kama mchanga, bado amekauka, basi mloweke mara mbili kwa siku. Mkaushe vizuri kabla ya kumrudisha.

Puani futeni kwa pamba yenye maji ya chumvi ya hospitali tu. Msimtie mafuta ya habasoda wala ya mkaratusi, na msimfukize. Mpimeni kila siku saa ileile. Akianza kupumua kwa mdomo wazi, au shingo ikilegea, hiyo ni dharura.

Akishapata hamu, sahauni boflo. Wanga na sukari humvuruga tumbo, na kabichi na matango peke yake hayamjengi. Kobe wa madoa ni mla nyasi: ukoka na nyasi nyingine zisizopigwa dawa ziwe sehemu kubwa ya sahani, pamoja na kishona nguo, majani ya mforosadi na ya mlonge. Matembele na mchicha mara mojamoja. Kisamvu kibichi hapana, kina sumu ya sianidi.

Kama kuna kobe mwingine nyumbani, watengeni na kila mmoja awe na beseni lake. Baadhi ya vijidudu vya mapafu, kama mikoplazma, hubaki mwilini hata dalili zikitoweka. Kwa sababu hiyo pia, msimwachie msitu wa Jozani wala kwengineko mkichoka naye.

SWALI: Kobe wangu mdogo ana umri wa mwaka na nusu. Gamba likibonyezwa linabonyea, na miguu ya nyuma inaburura. Namuweka kila siku penye dirisha la kioo linalopigwa na jua. Nimekosea wapi?
Msomaji, Wete

JIBU: Ni hicho kioo. Mwanga wa jua unaomwezesha kobe kutengeneza vitamini D, na kwa hiyo kushika chokaa ya chakula, yaani kalsiamu, hauvuki kioo cha dirisha. Anapata joto tu. Kitoto cha miezi ya mwanzo gamba lake hunepa kidogo, lakini wa mwaka na nusu lazima liwe gumu. Akiwa anaburura miguu, mwili umeshaanza kula mifupa yake, hivyo dakta amwone. Asibebwe na watoto, mifupa hiyo huvunjika.

Inasikitisha kuona ugonjwa wa kukosa jua katika kisiwa chenye jua hili. Mtoe nje kati ya saa tatu na saa nne na nusu asubuhi, dakika 30 kwa kuanzia, kwenye ardhi iliyozungushiwa ubao, nusu yake ikiwa na kivuli. Asiachwe ndani ya beseni la plastiki juani: mwili ukikaribia nyuzi 40 anakufa. Kunguru na paka nao wanamtazama, kwa hiyo weka wavu. Angalia kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, ambao mbegu yao ni Aldabra, Shelisheli, na waliletwa kama zawadi mwaka 1919: wana ardhi, jua na kivuli, na hujipangia wenyewe. Siku za masika taa ya UVB, inayotoa mwanga huo wa jua, husaidia, ikiwekwa sentimita 30 bila kioo wala plastiki katikati, na ibadilishwe kila mwaka ingawa bado inawaka.

Chokaa unayo ufukweni. Okota mfupa mweupe wa dome, uloweke maji baridi siku tatu ukibadilisha maji kila siku ili chumvi itoke, uanike, ukwangue. Kipimo ni kibana cha vidole viwili juu ya majani, kila siku mpaka dakta aseme vinginevyo. Gamba litakaza, lakini vinundu vilivyokwisha kujijenga havitarudi.

SWALI: Kuna doa jeupe kwenye gamba, linanuka. Nipake mafuta ya nazi?
Msomaji, Makunduchi

JIBU: Mafuta yanafungia unyevu ndani na uozo unasonga. Chukua povidoni-ayodini ya asilimia 10, ile ya kusafishia vidonda, sehemu moja kwa maji sehemu kumi, sugua kwa mswaki laini, acha dakika kumi, suuza, kausha. Fanya mara mbili kwa siku, na alale pakavu. Likiwa laini, linatoa damu au mfupa unaonekana, mpeleke kwa dakta.

SWALI: Je, kobe anaambukiza watoto?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Ndiyo, kobe mwenye afya pia hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha. Nawa kwa sabuni kila ukimgusa, beseni lake lisioshwe jikoni, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike.